Kasha dogo la kompyuta: ziba mwanya wa feni
Feni ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ikiachana na ubavu wa kasha wenye matundu kwa sentimita 1 au 2, hunyonya tena hewa moto ya humo humo ndani. Kata ukanda wa sponji ya godoro, uzungushe kwenye fremu ya feni mpaka uguse ubavu, mapanga yabaki huru. Kisha shikiza kipande cha karatasi ya choo kwa nje: kikinata, hewa inaingia. Feni ya juu ya kasha itoe hewa nje. Kampala wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la murram (udongo wa barabara) huziba kichujio cha vumbi cha ubavuni upesi (wavu wenye matundu madogo sana ndio mbaya zaidi), kwa hiyo kipige brashi kila wiki mbili. Pima joto la prosesa kabla na baada ya kuweka sponji, ukicheza mchezo uleule wa kompyuta kwa dakika 20.