Namna ya Kuisoma Al-Inkishafi na Kuona kwa Nini Haijazeeka

Ukiuliza kwa nini Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ingali inasomwa, utajibiwa kwamba ina mafunzo. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa fundisho lake kuu, kwamba dunia hupita, limo katika mawaidha mengi ambayo hakuna tena anayeyakumbuka. Ili uione nguvu yake mwenyewe, isome kwa utaratibu ufuatao.

Anza kwa sauti, hata kama hujayaelewa maneno yote. Tua baada ya mizani (silabi) ya 6 katika kila mshororo, kisha umalizie. Utasikia kwamba mishororo mitatu ya kila beti ina kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina cha “ye”, ambacho hakiachwi tangu beti la kwanza hadi la mwisho. Mwenye kusikiliza hukingoja kina hicho kabla hakijafika, na kungoja huko ndiko kunakoyatia mabeti moyoni.

Baada ya hapo rudi kwenye maneno. Lugha yake ni Kiamu cha kale, lahaja ya Lamu, kwa hiyo weka karatasi kando na uandike kwamba nyuni ni ndege na yua ni jua. Usikimbilie tafsiri ya Kiswahili sanifu mapema, maana ladha kubwa hupotelea humo.

Hatua inayodai muda mwingi zaidi ni ya picha. Mshairi anapotaka kusema kwamba Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, umeanguka, anakuingiza ndani ya nyumba za matajiri: madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na bundi wanalia humo ndani. Chukua beti hilo, liandike upya kwa maneno ya jumla kama vile “utajiri wao ulikwisha”, halafu ulinganishe. Maana imebaki, lakini hakuna kilichobaki machoni. Fanya vivyo hivyo na mifano ya dunia: kisima kisicho na ukingo, chenye ng'ombe anayempiga pembe kila anayekisogelea, asipate kunywa maji, au vumbi linaloonekana katika mwali wa jua, ambalo ukilishika huoni kitu mkononi. Msomaji ambaye hajapata kufika Lamu wala Pate amewahi kuliona vumbi hilo, pengine asubuhi ya leo, na kwa maoni yangu hapo ndipo shairi linapovuka kisiwa chake.

Kisha jiulize ni nani anayeambiwa. Mshairi hasemi na watenda dhambi wengine. Anausuta moyo wake mwenyewe, anauhoji, anauonya, anauuliza wako wapi wakubwa wa Pate waliokuwa wakijivuna. Jaribu kubadilisha “moyo wangu” kuwa “enyi watu”, nawe utaona jinsi beti zima linavyogeuka kuwa hotuba ya mtu aliyesimama juu ya wenzake. Nayapenda sana mabeti haya kwa sababu hiyo: msomaji hashutumiwi, ila anasikia mtu akijishutumu, na polepole anajikuta naye anajibu maswali yale yale.

Usiridhike na chapa moja. Utenzi huu uliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono kabla ya mhariri William Hichens kuuchapisha London mwaka 1939, na nakala hazilingani kwa idadi ya mabeti. Panapokuwa na tofauti, soma zote mbili kwa sauti na uangalie ni ipi inayoshika mizani.

Mwisho, funga kitabu kwa mwezi mmoja, kisha uandike unayoyakumbuka bila kukifungua. Anza uchambuzi wako na mabeti hayo yaliyobaki.