Laini ya modemu ikikatika, kikao chako kwenye seva hubaki wapi?

Sisi tunaotunza seva za mbali tukiwa Tanga tumeshazoea: mvua ya masika inapiga Ngamiani, taa ya modemu inazimika, na dirisha la amri linaganda katikati ya neno. Wengi huunganisha modemu upya, wakaingia na kuanza kazi ile ile, bila kujua kwamba kikao cha kwanza, yaani kule kuingia kwao pamoja na programu walizoziacha zikiendelea, bado kipo. Seva haijaambiwa kwamba umeondoka, nawe ukiunganishwa tena kwa kawaida hupewa anwani nyingine ya IP, namba inayokutambulisha mtandaoni. Muunganisho wa zamani haufufuki, bali huning'inia, kwa kuwa kwenye seva za mfumo wa Linux ukaguzi wa kawaida wa TCP, utaratibu unaosimamia muunganisho, husubiri kimya cha sekunde 7,200, yaani saa mbili nzima, kabla ya kuulizia kama upo.

Usilifunge dirisha lililoganda kwa hasira. Bonyeza Enter, kisha alama ya ~ ikifuatiwa na nukta, na ssh, programu inayokuunganisha na seva, itajitoa. Ukishaingia upya, andika w, amri inayoorodhesha walioingia. Utaliona jina lako mara mbili. Amri ya tty itakutajia kikao cha sasa, na kile kingine, tuseme pts/0, ndicho kilicholala. Amri ya ps -t pts/0 itaorodhesha programu zinazoendelea humo, kila moja na namba yake.

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Niliwahi kulifungua faili lile lile katika kikao kipya, vim, programu ya kuhariri maandishi, ikanionya kwamba kuna faili la .swp, ambamo huweka mabadiliko ambayo bado hayajahifadhiwa, nami nikapuuza na kuhifadhi. Usiku huo nikakesha nikilinganisha nakala mbili zilizopishana. Iwapo vim ya zamani ingali hai, ipelekee ishara ya HUP, ile ya kuarifu kwamba laini imekatika, kwa kuandika kill -HUP na namba yake iliyoonyeshwa na ps, nayo itayahifadhi mabadiliko katika .swp kabla ya kufa, jambo ambalo kill -9, inayoua papo hapo, haiiruhusu. Kisha fungua kwa vim -r na jina la faili, kagua, hifadhi, na ndipo ulifute lile la .swp.

Kazi ndefu ianzie ndani ya screen, programu inayokiweka kikao hai kwenye seva hata laini ikikatika, kwa kuandika screen -S kazi (kazi ni jina la kikao), kwa sababu seva ikigundua umepotea hutuma ishara ya HUP, na programu nyingi zisizokingwa hufa nayo. Laini ikirudi, andika screen -d -r kazi. Wanaosahau -d, inayokiachisha kikao kwanza, huambiwa kikao kimeshikwa, na anayekishika ni wao wenyewe, kupitia ule muunganisho uliokufa.