Mgeni akiuliza "kosher": maneno ya kujua kwa wapishi wa Mikindani na Lindi

Mgeni Myahudi anayeshika dini anaweza kuuliza jambo moja kwa lugha mbili. Aliyekulia Israeli hutumia Kiebrania: khalavi ni chakula chenye maziwa, basari ni chenye nyama. Mwenye asili ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, hata akitokea Marekani, huenda akasema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao, milkhik na fleishik. Viwili hivyo havichanganywi kamwe. Kisicho na nyama wala maziwa (samaki, mayai, mboga, matunda) huitwa parve, na hapo ndipo jiko la pwani lilipo na nafuu. Tamka "kh" kama ya "kheri".

Kosher ni chakula kinachofaa kwa sheria za dini ya Kiyahudi. Waisraeli husema kasher, mkazo mwishoni. Kinyume chake ni treif. Kosa kubwa huku kwetu ni kudhani halali inatosha. Nyama ya kosher huchinjwa na shokhet, mchinjaji wa Kiyahudi aliyesomea kazi hiyo, mnyama akakaguliwa mapafu. Kisha huloweshwa nusu saa, hupakwa chumvi ikakaa saa nzima, na kusuuzwa mara tatu. Usijaribu kuigiza hayo, pika samaki.

Samaki awe na mapezi na magamba. Changu, kolekole, nguru na jodari wanafaa. Magamba ya jodari ni madogo. Tazama nyuma ya kichwa. Pweza, ngisi, kamba, kaa, chaza, papa, taa na kambare ni treif, hata mgeni akiwasifia harufu. Usimparue samaki sokoni: mlete mzima, mgeni aone magamba kwanza. Minofu iliyochunwa ngozi hukataliwa, maana haijulikani ni ya samaki gani.

Sufuria iliyochemshia pweza jana nayo ni treif, kuioshea sabuni hakusaidii. Njia rahisi: kisu kipya, samaki afungwe kwa karatasi ya foili tabaka mbili zisizo na tundu, kisha aokwe. Moto awashe mgeni mwenyewe, kwa sababu chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake kina katazo lake. Wengine hawatosheki na hilo. Watataka wakiweke motoni kwa mkono wao. Mchicha na mchele vichambuliwe sana: mdudu mmoja huharibu sahani.

Tui la nazi si maziwa, ni parve. Ila mgeni akija na nyama yake ya kosher ukaipika kwa tui, weka kifuu cha nazi mezani ili mtu akiona weupe ule asidhani ni maziwa. Desturi hiyo ilianzia kwenye maziwa ya lozi.

Ijumaa, Sabato (Shabbat) ikianza, mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Tangu hapo hadi nyota tatu zionekane Jumamosi jioni, usimpe mgeni bili wala kitabu cha kusaini. Taa ya msalani iache ikiwaka bila kumwuliza. Mwisraeli mwambie Shabbat shalom, wa Kiyidi Gut Shabbes. Angalia "t" ya mwisho inavyogeuka "s" na mkazo unavyorudi mbele: sikukuu ya Sukot huwa Sukes, ya Shavuot huwa Shvues. Ulimi wa Kiswahili, unaopenda mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, hupata tabu zaidi na matamshi ya Israeli. Maneno mengine ni ndugu wa yetu ya Kiarabu: shalom na salamu, tsedaka na sadaka, brakha na baraka.

Mgeni akiwa na mkate wake, mpe kopo lenye mpini na beseni. Humwagia kila mkono maji, kisha hunyamaza, si kwa kiburi: haongei mpaka aonje mkate, kwa hiyo usimwulize kinywaji wakati huo. Akimaliza kula hu-bentsh, yaani husoma dua ya shukrani, kwa Kiebrania birkat hamazon. Mkate uliobaki uache mezani mpaka afunge kitabu.