Umeumia kwenye upigaji filamu Zanzibar, na ndege yako ni Jumamosi

Mdogo wangu alikuja Unguja kula Idi, akitokea London. Siku ya nne tu akapata kibarua. Kundi la wapiga filamu kutoka nje lilikuwa Nungwi, likitafuta mtu wa kutafsiri baina ya mwongozaji na manahodha: siku tatu, malipo mkononi. Siku ya pili, tukio likirudiwa kwa mara ya sita, aliteleza ndani ya mashua akavunjika kifundo cha mkono. Walimpeleka hospitali, wakalipa bili ya mwanzo, wakampa pole. Siku tatu baadaye wote walikuwa wameshaondoka, na namba aliyopewa haipokelewi.

Tukirudi nyumbani, wengi wetu huitwa kwenye kazi hizi kwa sababu tuna lugha mbili na tunajua vichochoro vya Mji Mkongwe. Tunakubali kwa mdomo, maana ni kazi ya siku mbili tatu na mtu hataki kuonekana mgumu. Nakuomba uwe mgumu kidogo. Kabla kamera haijawashwa, omba meseji moja ya WhatsApp inayotaja jina kamili la kampuni, kazi yako, siku zako na malipo yako. Meseji hiyo ndiyo itakayokutambulisha iwapo utaumia. Na kama unaingia kwa pasipoti ya nchi nyingine, uliza habari ya kibali cha kazi kabla ya kuanza, la sivyo upande wa pili utalishika jambo hilo utakapodai.

Sasa tuseme umeshaumia. Fika polisi upate fomu ya PF3, ile ya polisi anayopewa majeruhi aende nayo hospitali, au mtume ndugu akuchukulie kama hali yako ni mbaya. Ukiwa hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, hakikisha cheti kinaandika umeumia wapi na ukifanya nini. "Ameanguka" peke yake haitoshi. Kiandikwe "ameanguka ndani ya mashua akiwa kazini". Piga picha ile mashua, ile ngazi, ule waya uliokuangusha, kabla havijaondolewa. Chukua majina na namba za manahodha, wapishi na madereva, kwa sababu hao ndio mashahidi watakaobaki kisiwani. Ratiba ya siku wanayogawiwa wapiga filamu kila asubuhi nayo ihifadhi, kwani mara nyingi hubeba jina la kampuni na la msimamizi wa usalama.

Halafu mtafute mwenyeji wao. Kundi la nje kwa kawaida huwa na kampuni au wakala wa hapa aliyewashughulikia vibali, na kwa upande wa filamu Zanzibar njia inapita Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Wakala huyo ana ofisi na ana anwani. Kama ndiye aliyekuajiri au aliyekodi mashua, huenda dai lako likaanzia kwake, na hakuna haja ya kumkimbiza mtu Los Angeles.

Kosa ninaloliona sana ni ndugu aliye ughaibuni kufungua simu, kusoma habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule WCF ulioanza kazi mwaka 2015, kisha kumwambia mgonjwa ajaze fomu zake. Mfuko huo ni wa Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka huo huo, na sheria yake yenyewe ya fidia kwa wafanyakazi. Mlango wa kugonga ni Kamisheni ya Kazi. Ile bima ya lazima ya dola 44 wanayolipa wageni tangu Oktoba 2024 ni bima ya msafiri. Soma masharti yake kabla hujaitegemea kwa ajali ya kazini.

Je, unaweza kuishitaki kampuni ya Uingereza ukiwa umeumia Nungwi? Kampuni yenye makao yake kule inaweza kushitakiwa kule. Lakini kwa kawaida mahakama hiyo itapima dai kwa sheria ya mahali madhara yalipotokea, na muda wa kushitaki nao hufuata sheria hiyo. Kwa hivyo usijipe moyo kwa miaka 3 ya Waingereza. Muone wakili mwezi huo huo. Olivia Jackson, mwigizaji wa matukio ya hatari, aliumia Afrika Kusini mwaka 2015 akapoteza mkono. Mwaka 2020 mahakama ya Afrika Kusini, pale pale ajali ilipotokea, ndiyo iliyompa ushindi dhidi ya kampuni iliyosimamia tukio lile.

Kwa mliopata kazi za filamu huko huko mliko, mambo ni mengine. Uingereza, mwajiri lazima awe na bima ya kuumia kwa wafanyakazi, na miaka 3 huhesabiwa tangu siku ya ajali au siku uliyotambua madhara. Ukisaini karatasi ya kusema hutadai chochote, sheria ya mwaka 1977 hairuhusu karatasi hiyo imkinge mfanyabiashara aliyekujeruhi kwa uzembe. California, mjulishe msimamizi kwa maandishi ndani ya siku 30. Fidia hulipwa bila kuuliza kosa la nani, na asiye na karatasi za uhamiaji naye analindwa. Mwajiri kwa kawaida hashitakiwi, ila aliyekodisha winchi mbovu anaweza kushitakiwa.

Turudi Unguja. Kabla hujapanda ndege, usisaini risiti yenye maneno "sina madai zaidi" kwa sababu ya shilingi laki mbili za dawa. Mdogo wangu alisaini. Alidhani ni risiti ya teksi, na wakili alipoiona alinyamaza kwa muda mrefu.

Kama huna pesa za wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikisaidia watu tangu 1992, Unguja na Pemba. Ukishaondoka utahitaji mtu wa kusimama badala yako, kwa hiyo andika hati ya uwakala mbele ya wakili ungali hapa. Ukiiandika ughaibuni, kuithibitisha kwa notari na ubalozi kunakula wiki. Mpe mtu mwenye muda na subira ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi, hata kama siye mkubwa wa familia. Kwetu alikuwa shangazi. PF3 na picha za eksirei, zile halisi, ziko kwenye kabati lake Kikwajuni, na mdogo wangu ana nakala kwenye simu.