Jinsi ya Kutambua Asili ya Mashapo ya Sakafu ya Bahari Ukiwa Mbeya

Wanafunzi ninaowaelekeza maabara hapa Mbeya hufika wakiwa wamekariri majina ya mashapo ya bahari, yaani chembe zinazotua sakafuni mwake, lakini sampuli ikiwekwa mezani hawajui waanzie wapi. Mimi huwataka watafute kwanza chembe imetoka wapi, kwa kuwa jina hufuata asili. Vyanzo ni vinne: nchi kavu, viumbe hai, kemia ya maji na anga. Vyote vina mifano katika nyanda zetu, hivyo mkono unaweza kuzoea kazi kabla ya kushika tope la bahari.

Hatua ya kwanza: kusanya mifano. Chukua mchanga wa ufukwe wa Matema, ulioshushwa na mito kutoka milimani. Tope laini la Ziwa Nyasa, lenye magamba ya mwani mdogo uitwao diatomu. Na kipande cha chokaa kilichojengwa na chemchemi za moto za Songwe. Mfano wa nne ni kimondo cha Mbozi, donge la chuma na nikeli, ambacho ni urithi unaolindwa. Kitazame bila kubandua chochote.

Hatua ya pili: pima ukubwa wa chembe. Tia sampuli katika chupa yenye maji ya kina cha sentimita 20, tikisa, kisha tazama saa. Mchanga, yaani chembe zinazozidi milimita 0.063, hutua ndani ya dakika moja hivi. Zilizo kubwa kuliko milimita 0.004 hutua ndani ya saa nne. Maji yanayobaki na ukungu baada ya hapo yamebeba udongo wa mfinyanzi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa bahari ya kina cha mita 4,000, nawe utaona kwamba chembe ya milimita 0.004 ikizama peke yake ingehitaji takriban miaka tisa kufika chini, muda ambao mikondo ingeipeleka mbali sana. Hata hivyo, magamba madogo ya viumbe hulala karibu chini ya maji yalimokulia, kwa sababu wanyama wadogo huyala na kuyatoa katika vidonge vya kinyesi vinavyozama kwa siku au wiki chache. Naomba msomaji asiipite hoja hii haraka, maana bila vidonge hivyo ramani ya mashapo isingefanana na ramani ya uhai wa juu ya maji.

Hatua ya tatu: dondosha siki. Chokaa ya Songwe itatoa mapovu. Mchanga wa Matema, ambao kwa sehemu kubwa ni madini ya silika, kwa kawaida hautoi. Tope la bahari linalotoa mapovu mengi huwa na magamba ya foraminifera (viumbe wadogo wa seli moja) na kokolithofori (mwani mdogo sana), na likiwa na angalau asilimia 30 ya mabaki ya viumbe huhesabiwa kuwa tope la viumbe. Magamba ya chokaa huyeyuka katika maji ya kina kirefu yenye baridi na shinikizo, hivyo chini ya mita 4,500 hivi huwa nadra kuyakuta.

Hatua ya nne: tumia hadubini. Paka tope kidogo kwenye kioo kwa kijiti, likauke, kisha tazama. Diatomu nyingi huelekeza kwenye bahari inayoizunguka Antaktika. Radiolaria, viumbe wadogo wa seli moja wenye magamba ya silika, huelekeza kwenye ukanda wa ikweta wa Pasifiki. Usipoona magamba, na tope ni jekundu au la kahawia, huenda ni udongo wa mfinyanzi wa kina kirefu, unaojengeka kwa chini ya milimita moja katika miaka elfu.

Hatua ya tano: pitisha sumaku. Chembe nyeusi zinazonaswa katika mchanga wa mito ya Rungwe ni madini ya miamba ya volkano, wala hazikutoka angani. Vumbi la vimondo hujulikana kwa vitufe vidogo vya mviringo, nalo ni haba mno. Vinundu vya manganizi, yaani madonge ya madini ya sakafu ya bahari yanayotokana na kemia ya maji, hukua milimita chache tu kwa miaka milioni.

Hatua ya sita: linganisha na mahali. Mashapo ya nchi kavu hutawala kando ya mabara, kama mbele ya delta ya Rufiji, mto unaopokea maji ya Usangu na ya Njombe. Ukikuta mchanga kwenye kina kirefu, usiutupe ukidhani sampuli imechafuliwa. Tope linaloporomoka huweza kuufikisha huko: mwaka 1929 tetemeko karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada, liliporomosha tope chini ya bahari, likakata nyaya za telegrafu moja baada ya nyingine hadi mamia ya kilomita. Angalia kama chembe kubwa ziko chini ya tabaka na ndogo ziko juu. Zikiwa hivyo, andika kwenye lebo kuwa zililetwa na mkondo wa tope.