Kitabu cha picha kisichoogopa unga: kukiprinti, kukishona na kukisoma jikoni

Juzi jirani yangu alibisha hodi na flashi mkononi na karatasi kumi na mbili zilizoharibika. "Shoga, hebu niambie, mbona sungura wangu kasimama kwa kichwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana sungura wa namna hiyo nimeshawaprinti mimi kabla yake, tena kwa hela nyingi kuliko zake. Tulishinda barazani tukikata na kubandika upya kwa gamu mpaka adhuhuri, akaondoka na kitabu kilichonyooka. Sasa naandika ili wa tatu asije kunibishia hodi saa ya kukaanga.

Kwanza mjue kwa nini najisumbua kuprinti wakati vitabu vya dukani ninavyo. Vilikaa miaka miwili juu ya kabati la vyombo, pembeni ya vikombe vya wageni. Mtoto akikitaka, sharti anawe mikono, akae mkekani, na mtu mzima awe na nafasi. Kwangu mtu mzima mwenye nafasi hayupo. Alfajiri nakaanga maandazi ya kuuza, jioni napika, na saa mbili usiku mimi ndiye ninayesinzia kabla yao. Ile ya kumsomea mtoto kitandani niliijaribu wiki tatu, kitabu kikawa kinaniangukia usoni. Nikahamishia usomaji jikoni, ambako watoto wapo tu hata ukiwafukuza. Lakini kitabu cha jikoni lazima kiwe kile ambacho kikidondokewa na mafuta hakuna anayefokewa.

Hatua ya 1: Tafuta hadithi

Mimi natumia sehemu mbili. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili, na zote ni za leseni huria: unapakua bure, unaprinti, unagawa, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki mahali pake. Masharti hutofautiana kidogo kati ya hadithi na hadithi, hasa ukitaka kuuza, kwa hiyo soma pale leseni ilipoandikwa.

Chagua kwa picha, si kwa kichwa cha habari. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha. Hadithi nyingine zimetafsiriwa, na Kiswahili chake kinakwenda kwa magongo. Hizo siziachi kama picha ni nzuri. Nachukua kalamu nafuta sentensi, naandika juu yake jinsi mama yangu angesema.

Vitabu vya wachapishaji wetu usivitolee kopi. Hilo kwangu halina mjadala. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza hapa Tanzania 1991, na watu wa hapahapa wameandika na kuchora. Nunua, hata kimoja kwa muhula, na hicho ndicho kikae kabatini kisubiri mikono iliyonawa.

Kama hujui mwanao anapenda nini, usimalize karatasi kubahatisha. Mpeleke maktaba. Sisi tulikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, tukakaa upande wa watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa simba na tembo. Wa kwangu aliwapita wote akang'ang'ania lori.

Hatua ya 2: Pakua PDF, weka kwenye flashi, nenda steshenari.

Hatua ya 3: Kuprinti

Hapa ndipo nilipopotezea Jumamosi nzima, kwa hiyo mnivumilie.

Kijitabu ni karatasi za A4 zilizolazwa na kukunjwa katikati. Karatasi moja hubeba kurasa nne, mbili mbele na mbili nyuma, na kurasa hizo hazifuatani. Kitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne, na ile ya nje kabisa ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Mimi nilizikata kwa mkasi nikazibandika kwa gamu, nikatoa kopi. Usinifuate. Fungua PDF kwa programu ya Adobe Reader, nenda kwenye kuprinti, chagua Booklet, yaani kijitabu, na kwenye Binding, yaani upande wa kushonea, acha Left, kushoto. Itapanga yenyewe. Vijana wengi wa steshenari wanafungua PDF kwenye kivinjari cha intaneti, halafu wanakwambia haiwezekani. Mwambie tu, "Kaka, naomba nikae hapo dakika moja," ukifungue wewe.

Sasa sungura wa kichwa chini. Printa ikiweza pande mbili yenyewe, itakuuliza igeuze karatasi kwa ubavu gani, mrefu au mfupi. Chaguo ambalo mara nyingi unalikuta limeshawekwa ni ubavu mrefu, kwa sababu barua na ripoti husimama. Kijitabu kimelala. Chagua Flip on short edge. Ukisahau hapo tu, kila upande wa pili utatoka umepinduka, na wala hutagundua mpaka ukunje. Jirani yangu aligundua akiwa amefika nyumbani.

Printa isiyojua pande mbili inatumika pia, ila ina visa vyake. Unachagua Front side only, unatoa mbele zote, unazirudisha kwenye trei, kisha Back side only. Swali ni unazirudisha vipi: uso juu au uso chini, kichwa kiingie kwanza au mkia? Usimuulize mtu, kila printa ina lake. Chukua karatasi tupu moja, chora mshale mdogo kwa penseli kwenye kona, uweke kwenye trei huku umekariri mshale ulivyokaa, uprinti ukurasa wowote. Tazama mshale umetokea upande gani wa maandishi. Jaribio hilo ni karatasi moja. Mimi kabla sijalijua niliunguza ishirini na sita, kijana wa pale akinitazama kwa huruma.

Halafu angalia mpangilio wa karatasi zenyewe. Printa nyingine zinatoa ya mwisho ikiwa juu, na ukizirudisha hivyohivyo ukurasa wa 2 unakwenda kuolewa na wa 7. Zikitoka zina joto zinajikunja na zinashikana, na mbili zikivutwa kwa mpigo kila kinachofuata kimeharibika. Ziache zipoe, zipepee kidogo, ulishe moja moja. Ndiyo, moja moja. Foleni ya nyuma yako itanung'unika, nunua soda unywe.

Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Hadithi ikiwa na kurasa 14, programu itaongeza mbili tupu mwishoni. Usizihangaikie, ndipo mtoto atakapochora.

Kuhusu rangi, pale ninapoprinti mimi upande mmoja wa rangi ni shilingi 500 na mweusi ni 100. Kurasa 16 zote kwa rangi ni pande nane, yaani 4,000. Mimi natoa rangi upande mmoja tu, ule wa jalada, na saba zilizobaki nyeusi, jumla 1,200. Ila picha iliyojaa rangi nzito ikitolewa nyeusi inatoka kama masizi ya chungu. Chui na kichaka huwezi kuwatenganisha. Kwa kuprinti nyeusi tafuta michoro ya mistari yenye nafasi nyeupe. Na kila mara anza na karatasi ya kwanza peke yake, ikunje palepale kaunta, ndipo uendelee.

Mtaniuliza kwa nini nisisome kwenye simu. Kwa sababu simu inaita, kikundi cha harusi kinatuma michango, na mtoto ameshajua kidole kinakofikia katuni. Tena simu jikoni, na mikono ya unga? Hapana.

Hatua ya 4: Kunja na kushona

Kunja karatasi zote pamoja, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Nje vika manila, na juu ya manila nailoni ya kufunikia madaftari. Usilamineti kurasa, zinapasuka kwenye mkunjo.

Stepla siitaki. Ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, na hata ukipata ndefu, kwa unyevu wetu huu wa pwani masika moja tu pini zimeota kutu na kurasa zimepata madoa ya kahawia. Tumia uzi wa fundi viatu. Fungua kitabu katikati, kilaze juu ya ndala kuukuu, toboa kwa msumari matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu, chini. Ndala inapokea msumari bila kukupa kelele wala kuharibu meza. Sindano ianze ndani, tundu la katikati, itoke nje. Irudi ndani kwa tundu la juu. Ishuke ndani moja kwa moja mpaka tundu la chini, itoke. Imalizie kwa kurudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule uzi mrefu, piga fundo, kata.

Hatua ya 5: Kusoma ukiwa kazini

Ilianza kwa bahati tu. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono imezama mpaka kwenye vifundo, kitinda mimba wangu wa miaka minne akaja na kitabu. Nikamwambia, "Mama siwezi kushika, shika wewe unioneshe." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakifungua upande wake, akanielekezea. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nashika, nasoma maneno mbiombio, nafunua. Siku hiyo alifunua yeye, kwa mwendo wake, na alipofika ukurasa wa tano hakufunua tena. Kuna mama anafua. Maneno yanasema anafua, basi. "Mama, mbuzi anakula khanga na wewe husemi!" Nikainua macho. Kweli, nyuma kabisa, kwenye kamba, mbuzi ana pindo la khanga mdomoni. Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma mara kumi.

Tangu hapo sikishiki hata mikono ikiwa mikavu. Yeye anaketi juu ya ndoo, anaita, "Paukwa!" nami naitikia, "Pakawa!" na picha ndiyo inaanza, maneno baadaye. Kazi yangu ni kuuliza vitu ambavyo kweli sivijui kwa sababu nimeinamia sufuria: "Anafanya nini huyo? Kavaa nini?" Usiulize "huyu ni nani?" huku unajua, anachoka, anaona yuko darasani. Akisema uongo, muache, hadithi ndiyo kazi yake.

Chagua kazi sawasawa. Kukanda, kuchambua mchele, kumenya viazi na kukunja nguo ni kazi nzuri, macho yanaweza kuinuka. Kukaanga siruhusu: mtoto, kitabu na karai la mafuta ya moto havikai pamoja. Ugali nao una dakika yake, ukishaanza kusonga hakuna hadithi. Kwenye daladala nilijaribu, ukikaa dirishani inawezekana, ukisimama, sahau.

Baba yao anasoma Ijumaa jioni akisubiri chai. Anaruka kurasa, anadhani hawajui. Wanajua.

Hatua ya 6: Mpe bibi

Mama yangu alizaliwa Lushoto na hakukaa shuleni. Akija, watoto wanampelekea kitabu, naye anakisoma chote kwa Kisambaa kutokana na picha, na kila akirudia kinakuwa hadithi nyingine. Usiingilie kumwambia maneno yanasema nini.

Hatua ya 7: Kikichakaa

Solotepu ya kawaida inageuka njano na inavuta vumbi. Ukurasa uliochanika bandika kwa karatasi nyembamba na gamu. Kitabu chote kikichoka niliona rahisi, faili lipo, naprinti kingine. Nikaprinti. Mtoto akakifungua, akaenda moja kwa moja ukurasa wa tano, akanirudishia.

"Hiki sicho. Huyu mbuzi hajakojoa."

Kwenye kile cha zamani, chini ya mbuzi, kuna doa la mafuta ya maandazi. Kwa hiyo siku hizi nafumua uzi tu, nabadilisha manila, nashona upya kwenye matundu yaleyale. Kile kipya nilimpa jirani, wakati anasubiri sungura wake wakauke gamu.