Jinsi ya Kusoma Mapenzi ya Bwana na Mtumwa wa Nyumbani katika Maandishi ya India ya Wamughal

Unapokutana na maneno ya upendo baina ya bwana na mtumwa wake katika maandishi ya Kiajemi ya India ya karne ya 16 hadi ya 18, wakati wa Wamughal, nasaba ya wafalme Waislamu, liweke kando swali la kama upendo huo ulikuwa wa kweli, ukaulize kwanza ulimpa nani haki ya kudai kitu gani.

Mtazame mwandishi kabla ya maneno yake. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilitoka kwa mabwana au makarani wao, na ndiyo maana kumbukumbu za mtumwa Tahmas Khan, aliyejiita Miskin katika ushairi wake, zina thamani ya pekee. Alitekwa akiwa mtoto, akaishia Lahore katika nyumba ya gavana Muin-ul-Mulk, na gavana huyo alipofariki mwaka 1753 akaendelea kumtumikia mjane wake, Mughlani Begum. Zisome kurasa zake polepole, ukikumbuka kwamba aliziandika akiwa mtu mzima mwenye cheo, na kwamba kumsifu aliyemlea kulikuwa pia kuwaeleza wasomaji ametokea nyumba gani. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi hupenda anapopata pa kupenda. Shukrani yake yaweza kuwa ya dhati kabisa, na utekaji ukabaki kuwa utekaji.

Kisha linganisha maneno na sheria. Kwa madhehebu ya Kiislamu ya Hanafi, yaliyofuatwa na makadhi wengi wa dola, suria aliyemzalia bwana wake mtoto, naye bwana akamkubali mtoto huyo, hakuweza tena kuuzwa, na bwana alipokufa aliachwa huru. Kwa hiyo bwana anapomtaja suria wake kwa upole, chunguza kama alimkubali mtoto, maana hapo ndipo upole ulipokuwa na gharama. Hata mtumwa aliyeachwa huru hakukatika na nyumba ile: akifa bila jamaa wa kumrithi, aliyemwacha huru ndiye aliyeweza kurithi mali yake.

Majina ya heshima yasikubabaishe. Mfalme Akbar aliwaacha huru watumwa wa dola mwaka 1582 na kutaka waitwe chela, yaani wanafunzi wa mwalimu wa kiroho. Utii waliodaiwa, kwa maoni yangu, ulizidi kuwa mzito, kwa kuwa sasa ulidaiwa kwa jina la imani.

Matendo ya hadharani yana uzito zaidi, ingawa nayo yalikuwa na watazamaji. Towashi (mwanamume aliyehasiwa) Bakhtawar Khan alipofariki mwaka 1685, mfalme Aurangzeb alihuzunika waziwazi na kushiriki mazishi yake, jambo ambalo kila mtumishi wa kasri aliliona.

Hatimaye, jizoeze kwa kisa cha Faizabad, mji wa kaskazini mwa India. Mwaka 1782 Waingereza waliwafunga matowashi Jawahar Ali Khan na Bahar Ali Khan ili hazina ya bibi yao, Bahu Begum, mama wa mtawala wa Awadh, ipatikane, nao wakavumilia miezi kadhaa kizuizini. Unaweza kuuita uvumilivu huo mapenzi. Lakini orodhesha pia walichokuwa nacho nje ya nyumba ya bibi huyo: hawakuwa na watoto, na cheo na mali yao vilitegemea uhai wa nyumba ile. Mimi huyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja, bila kulifanya moja kuwa kisingizio cha jingine.